Kimya cha Sabufa: Somo la Kutafuta Hitilafu kwa Kupima

Chombo kinachoharibika kwa kawaida hutoa dalili. Injini iliyochoka hugonga, breki zilizokwisha hulia, na rejeta inayovuja huacha maji chini ya gari. Lakini amplifaya na sabufa za gari zikikataa kutoa sauti, dalili pekee anayoipata mwenye gari ni kimya. Na kimya hicho ni kilekile, ama fyuzi ya bei ndogo imekatika, ama chombo cha bei kubwa kimeungua. Ndiyo maana hitilafu ya namna hii huwafanya watu wengi wabahatishe, na kubahatisha katika mambo ya umeme kuna gharama.

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi mtu mwenye elimu ya fizikia ya sekondari anavyoweza kutafuta chanzo cha kimya hicho kwa utaratibu. Nitatumia tukio moja lililonipata mimi mwenyewe, ambalo lilinifundisha jambo nililodhani nalijua tangu zamani: kwamba kila kipimo hujibu swali moja tu, lile lililoulizwa.

Mpwa wangu ni kijana anayejitegemea kwa gari dogo lililotumika, aliloliagiza kutoka Japani. Mwisho wa juma hulikodisha kwa ajili ya harusi na sherehe nyingine, na muziki ni sehemu ya biashara yake. Siku moja sauti nzito za muziki zilinyamaza ghafula. Fundi wa kwanza, pasipo kupima kitu chochote, alisema amplifaya imekufa. Ikanunuliwa nyingine, na ile ya zamani ikaachwa kwa fundi huyo kama sehemu ya malipo. Kimya kikaendelea. Fundi wa pili alisema koili za sabufa zimeungua. Akaifungua, akazihamisha nyaya zake, akaifunga tena, kisha akashauri inunuliwe mpya. Hapo ndipo kijana aliponijia, akiwa amekwisha kutumia akiba yake ya miezi minne.

"Mjomba," aliniambia, "wewe umesomea umeme Ulaya. Ninunue kipi kwanza, sabufa au amplifaya nyingine?"

Nilimjibu kwamba kabla ya kununua hatuna budi kupima. Niliyasema maneno hayo kwa kujiamini kuliko nilivyostahili, kama msomaji atakavyoona.

NJIA NNE ZA KUFUATA

Kabla ya kutafuta mahali njia ilipokatika, yafaa kuijua njia yenyewe. Amplifaya ya gari hufikiwa au kuachwa na njia nne.

Njia ya kwanza ni ya umeme wa nguvu. Waya mnene hutoka katika ncha chanya ya betri, hupitia fyuzi kubwa, hupita chini ya zulia la gari, na kufika kwenye amplifaya, ambayo mara nyingi hufungwa katika buti au chini ya kiti. Umeme huo hauna budi kurudi. Hurudi kwa waya mfupi uliofungwa kwenye bodi ya gari, kwa kuwa bodi yote ya chuma imeunganishwa na ncha hasi ya betri. Waya huo mfupi mafundi huuita ethi.

Njia ya pili ni ya amri. Amplifaya haiwezi kuachwa ikiwaka usiku na mchana, maana ingemaliza betri. Kwa hiyo redio, inapowashwa, hupeleka volti 12 kwa waya mwembamba ili kuiamuru amplifaya iamke. Amri isipofika, amplifaya hulala hata kama ni nzima kabisa.

Njia ya tatu ni ya ishara. Hii ni picha ya muziki katika umbo la umeme dhaifu, wenye volti chache tu au hata chini ya volti moja, unaosafiri kutoka redioni kwa waya uliofunikwa kwa wavu wa chuma ili usichanganyike na kelele za injini.

Njia ya nne ni ile inayotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye sabufa. Ndani ya sabufa mna koili ya waya iliyoning'inizwa katika mwanya wa sumaku yenye nguvu. Mkondo wa umeme unapopita katika koili hiyo, kani ya sumaku huisukuma mbele na nyuma pamoja na koni iliyogundishwa nayo, nayo koni huitikisa hewa. Spika ya aina hii ilielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani mwaka 1925, na kanuni yake haijabadilika mpaka leo. Sabufa ni spika kubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya sauti nzito tu, yaani zile za masafa ya chini, aghalabu kati ya hezi 20 na hezi 100 hivi.

Basi kimya cha sabufa maana yake ni kwamba njia mojawapo kati ya hizi nne imekatika mahali fulani. Kazi ya mtafutaji ni kuijua njia ipi, na mahali gani.

TAHADHARI KABLA YA KUANZA

Wako wanaodhani kwamba kwa kuwa volti 12 hazimrushi mtu, basi hazina hatari. Hilo ni kosa. Betri ya gari yaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja endapo ncha zake zitagusanishwa kwa chuma. Mkondo huo hufanya waya kuwa mwekundu kwa sekunde chache na kuunguza zulia la gari. Pete au saa ya chuma ikigusa ncha chanya na bodi kwa pamoja, humwunguza mwenyewe vibaya. Kwa hiyo vua vitu hivyo kwanza. Na kila unapotaka kufungua au kufunga waya wa nguvu, ondoa kwanza waya wa ncha hasi ya betri.

Aidha, fyuzi ya waya wa nguvu lazima iwe karibu na betri, isizidi umbali wa kama nusu mita. Fyuzi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kuilinda amplifaya, bali kwa ajili ya kuulinda waya na gari. Ikikatika, usiweke kubwa zaidi, wala usiizungushie karatasi ya chuma ya pakiti ya sigara. Fyuzi iliyokatika imefanya kazi yake. Linalobakia ni kuiuliza kwa nini imekatika.

KUGAWA NJIA NUSU KWA NUSU

Tuseme kwamba kutoka chanzo cha muziki mpaka kwenye koni ya sabufa kuna viungo 16, na kimoja tu ndicho kibovu. Anayekagua kimoja baada ya kingine huenda akakagua vyote. Lakini anayepima katikati huondoa vinane kwa mara moja: ikiwa katikati mambo ni mazuri, kasoro iko mbele, la sivyo, iko nyuma. Vinane hugawanywa kuwa vinne, vinne kuwa viwili, viwili kuwa kimoja. Vipimo vinne vinatosha. Wanafunzi wa hisabati watatambua kwamba hii ndiyo maana ya kusema 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara nne huwa 16.

Katikati ya mfumo wetu ni amplifaya, na ina taa ndogo inayosaidia sana. Taa isipowaka kabisa, shuku njia ya nguvu au ya amri. Ikiwaka kijani na kimya kikaendelea, shuku ishara au sabufa. Ikiwaka nyekundu, amplifaya inatangaza kwamba imejifunga yenyewe ili isiungue. Baadhi ya watengenezaji hutumia rangi nyingine, hivyo inafaa kusoma maandishi yaliyo kando ya taa.

Katika gari la mpwa wangu, taa ilimetameta mara moja kila redio ilipowashwa, kisha ikazimika. Basi tukaanza na njia ya nguvu.

KOSA LANGU

Nilichukua mita ya umeme, nikaiweka kwenye kipimo cha volti, na hali redio ikiwa imezimwa nikagusa ncha ya nguvu na ncha ya ethi za amplifaya. Mita ikasoma volti 12.6, ambayo ndiyo hali ya betri nzima iliyojaa. Nikamwomba kijana awashe redio, nikapima waya wa amri dhidi ya chuma cha mlango. Volti 12 tena. Nikatoa hukumu: nguvu zinafika, amri inafika, amplifaya haiwaki, kwa hiyo amplifaya ni mbovu. Hukumu yangu haikutofautiana na ile ya fundi wa kwanza, ila mimi niliipamba kwa tarakimu.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyefanya kazi ya umeme wa magari kwa miaka mingi, alikuwa amesimama akitutazama. Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, umeijaribu kwa taa?"

Nikamjibu kwamba mita ni sahihi kuliko taa.

"Ni kweli," alisema, "lakini mita haili chochote. Taa hula. Na amplifaya nayo hula."

Akaleta taa ya majaribio, ambayo ilikuwa globu ya indiketa ya wati 21 iliyounganishwa na nyaya mbili. Akaifunga kati ya ncha ya nguvu na ncha ya ethi, palepale nilipopima mimi. Uzi wa globu ukawa mwekundu hafifu kama kaa linalozimika. Kisha, bila kuugusa waya ulio upande wa nguvu, akauondoa waya wa pili kwenye ethi na kuugusisha kwenye chuma kitupu cha kufuli ya buti. Taa ikawaka kwa nguvu zake zote.

Hakukuwa na haja ya maneno zaidi. Waya wa nguvu ulikuwa mzima, maana taa iliwaka kwa njia ya bodi. Kasoro ilikuwa katika ule waya mfupi wa ethi. Tulipoufuata, tuliukuta umefungwa kwa skrubu nyembamba yenye kutu, na chini yake rangi ya gari ilikuwa haijakwanguliwa. Umeme ulipita kwenye nyuzi za skrubu tu, kupitia kutu.

KWA NINI MITA HAIKUONA

Mita haikusema uwongo. Mimi ndiye niliyeiuliza swali lisilofaa. Tulifanyie hesabu jambo hili.

Mita nyingi za kisasa zina ukinzani wa ndani wa omu milioni 10. Tuchukulie kwamba ile skrubu yenye kutu ilikuwa na ukinzani wa omu 22. Mkondo unaopita ndani ya mita ni volti 12.6 zikigawanywa kwa omu milioni 10, yaani takriban ampea moja na robo ikigawanywa kwa milioni. Mkondo mdogo kiasi hicho ukipita katika omu 22 hupoteza chini ya volti 30 zikigawanywa kwa milioni. Hakuna mita ya fundi inayoweza kuona upungufu huo. Kwa hiyo ilisoma 12.6, na ilikuwa kweli.

Taa ya wati 21 kwa volti 12 huhitaji ampea 1.75. Lakini kupitia omu 22, mkondo hauwezi kuzidi 12.6 ÷ 22, yaani ampea 0.57. Ndiyo maana ilikuwa hafifu.

Sasa tuitazame amplifaya. Inayotoa wati 300, ikiwa robo tatu ya nguvu inayopokea hugeuzwa kuwa muziki na robo inayobakia kuwa joto, huhitaji kupokea wati 400. Kwa volti 12.5, hizo ni ampea 32. Chombo kinachotaka ampea 32 kilikuwa kinapewa nusu ampea. Kila kilipojaribu kuamka, volti zilianguka, nacho kikalala tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya taa ile kumetameta mara moja na kuzimika.

Hata ukinzani mdogo mno una madhara. Ampea 32 zikipita katika sehemu moja ya kumi ya omu, hupotea volti 3.2, na mahali hapo pa kiungo hutokea joto la wati zaidi ya 100, kushinda pasi ndogo ya kulehemu waya. Viungo vilivyolegea vimewahi kuyeyusha plastiki na kuanzisha moto.

Kanuni inayotuongoza hapa ni ya Georg Simon Ohm, ambaye jina lake ndilo kipimo cha ukinzani. Walimu watafurahi kukumbuka kwamba Ohm alipofanya majaribio yake ya mwaka 1825 na 1826 alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari mjini Köln, Ujerumani, na kwamba alikuwa mtoto wa fundi wa kufuli. Alitengeneza vyombo vyake kwa mikono yake. Elimu ya umeme haikuzaliwa mbali na karakana.

Kwa hiyo, msomaji akitaka kuutumia mita kwa kazi hii, aupime upungufu wakati mzigo unafanya kazi. Aweke ncha moja ya mita kwenye ncha hasi ya betri, kwa waya mrefu, na nyingine kwenye ncha ya ethi ya amplifaya, muziki ukiwa mkubwa. Katika ethi nzuri, mita haipaswi kuzidi sehemu mbili za kumi za volti.

HITILAFU YA PILI

Tulikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukafunga ethi kwa bolti nene na nati, tukapaka grisi juu yake ili kuzuia kutu. Redio ikawashwa, taa ya amplifaya ikawa kijani. Lakini sabufa haikutoa ila mnong'ono.

Kijana alikata tamaa. Mimi nilimweleza kwamba hatukurudi tulikoanza, kwani njia mbili kati ya nne zilikuwa zimekwisha kuthibitishwa.

Tukatenga sabufa na kupima ukinzani wake kwa mita. Sabufa yake ilikuwa na koili mbili za omu 4 kila moja, zimefungwa kwa mfululizo. Mita ilisoma karibu omu 7. Jambo hilo lilikuwa sahihi, maana koili ya omu 4 ikipimwa kwa umeme wa betri husoma pungufu kidogo, kati ya omu 3 na 4. Koili iliyoungua na kukatika isingesoma kitu. Basi koili zilikuwa nzima, na fundi wa pili alikuwa amekosea.

Safari hii sikutoa hukumu haraka. Nilijiuliza: mita imejibu swali gani? Imejibu kwamba waya haukukatika. Haikujibu kama koni inasogea. Tukachukua betri moja ya tochi ya volti 1.5 na kuigusisha kwenye nyaya za sabufa. Sabufa nzima hutoa mdundo mdogo na koni yake huruka mbele au nyuma. Hii haikusogea hata kidogo.

Tulifungua nyaya na kujaribu koili moja moja. Ya kwanza ilisukuma koni mbele, ya pili ikaivuta nyuma. Fundi aliyezihamisha nyaya alikuwa ameifunga koili moja kinyume. Muziki ulipopita, koili mbili zilivutana kwa kani zinazolingana, kila moja ikiifuta kazi ya mwenzake. Umeme ulikuwapo, sumaku ilikuwapo, kani zilikuwapo; jumla yake ilikuwa sifuri. Kimya kile kilikuwa kimetengenezwa na mtu aliyekuja kukiondoa.

Hapa pana somo. Anayebadilisha mambo bila kupima hupoteza wakati, na zaidi ya hayo huongeza hitilafu mpya juu ya ile ya zamani, hata ile ya zamani ikiondolewa, asijue kwamba ameiondoa. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, na uandike ulichobadilisha.

Tuliigeuza koili ile. Sabufa ikaimba.

SABABU NYINGINE ZA KIMYA

Gari la msomaji huenda likawa na ugonjwa tofauti. Nitataja sababu nne zinazotokea mara nyingi.

Kwanza, waya wa amri. Magari mengi katika nchi yetu hutoka Japani, ambako matangazo ya FM kwa miaka mingi yaliwekwa kati ya megahezi 76 na 90, na baadaye upeo ukasogezwa hadi 95. Huku kwetu vituo vya FM hutumia megahezi 87.5 hadi 108. Redio iliyokuja na gari haipati vituo vyetu vingi, na wenye magari huibadilisha. Katika kubadilisha huko nyaya hukatwa na kuungwa upya. Redio nyingi za dukani hutumia waya wa buluu wenye mstari mweupe kuiamuru amplifaya, na waya wa buluu mtupu kwa ajili ya eria ya umeme. Amplifaya ikiunganishwa na waya wa eria, huenda ikaamka redio inaposikilizwa tu, na kulala mara muziki unapochezwa kutoka kwenye simu au kijiti cha kuhifadhia nyimbo. Hata hivyo, rangi ni desturi na si sheria. Gari lililopita mikononi mwa wengi lipimwe, lisiaminiwe kwa rangi.

Pili, taa nyekundu. Zima, tenga nyaya za sabufa, kisha washa tena. Ikigeuka kijani, sabufa au waya wake una kasoro: pengine waya umechubuka na kugusa bodi, au koili zimefungwa sambamba kiasi kwamba ukinzani umekuwa mdogo kuliko amplifaya inavyoweza kuvumilia. Koili mbili za omu 4 zikifungwa sambamba huwa omu 2, na zikifungwa mfululizo huwa omu 8. Ikibaki nyekundu, tenga na nyaya za ishara. Ikibaki nyekundu ikiwa na nguvu, ethi na amri tu, wakati ethi imekwisha kujaribiwa kwa taa, hapo ndipo tunapoweza kusema kwa haki kwamba amplifaya ni mbovu.

Tatu, ishara. Chomoa nyaya za ishara kwenye amplifaya, na badala yake unganisha simu ya mkononi kwa waya unaofaa, ukianza na sauti ndogo. Muziki ukisikika, amplifaya na sabufa ni nzima, na kasoro iko redioni au katika waya wa ishara. Usisahau kukagua mipangilio ya redio yenyewe, kwa sababu redio nyingi zina mahali pa kuizima sabufa, na kidole cha mtoto kinatosha kuifunga.

Nne, jaribio lisilofaa. Amplifaya ya sabufa huwa na kichujio kinachozuia sauti za juu, mara nyingi zile zinazozidi hezi 80 hivi. Mtu akiijaribu sabufa kwa kusikiliza taarifa ya habari, atasema imekufa, kwa kuwa sauti ya mtu mzima anapozungumza, hata ya mwanamume, kwa kawaida huanzia juu ya kiwango hicho. Ajaribu kwa wimbo wenye gitaa la besi, ambalo uzi wake mnene kabisa hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Hapa pia kipimo kibaya hutoa jibu baya.

JARIBIO LA DARASANI

Walimu wanaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa gharama ndogo. Panahitajika betri ya pikipiki ya volti 12, fyuzi ya ampea 5, globu ya indiketa ya wati 21, rezista ya omu 22 yenye uwezo wa wati 10, na mita. Rezista ifichwe ndani ya kisanduku cha bati chenye ncha mbili, pamoja na waya mzima katika kisanduku cha pili kinachofanana nacho. Fyuzi iwekwe karibu na betri.

Wanafunzi wapime volti kupitia kila kisanduku kwa mita peke yake. Watapata jibu moja kwa vyote viwili. Kisha waunganishe globu, na wapime tena volti kwenye globu inapowaka. Waeleze tofauti kwa kanuni ya Ohm, na wakadirie ukinzani uliofichwa. Rezista hupata moto, hivyo isishikwe, na jaribio lisizidi dakika moja.

Swali la kuwauliza baada ya hapo ni hili: mgonjwa anayepimwa akiwa amelala, daraja linalokaguliwa bila gari juu yake, pampu ya kijiji inayojaribiwa bila kuvuta maji, je, vipimo hivyo vimejibu swali gani, na swali gani havikulijibu?

Mpwa wangu alirudi kwa fundi wa kwanza kuitafuta amplifaya yake ya zamani, ambayo bila shaka ilikuwa nzima. Ilikuwa imekwisha kuuzwa. Fedha zile hazikurudi. Alichobaki nacho ni taa ya majaribio aliyoitengeneza mwenyewe kwa kuiga ile ya mzee, naye huiweka katika buti, kando ya bolti ya ethi. Mimi nami nimejitengenezea ya kwangu, na siku hizi huiweka mezani kando ya mita ninapofundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza.